Mchanga wa Chokaa kwa Kijito cha Painter

Jumatatu, 3 Machi

Mimi Delbert Stalnaker ndiye niliyewafufua samaki wa Kijito cha Painter, kwa mikono yangu hii miwili, na mwenye kubisha aje hapa kibarazani abishe.

Haya, si kweli. Mikono yangu hii ilichimba makaa kule juu mlimani mpaka kampuni ikafa na kuuacha mgodi mdomo wazi. Mdomo ule ukatapika maji makali, kijito kikageuka rangi ya kutu, hata vyura wakahama. Samaki walirudishwa na jimbo. Kila mwaka mapema Machi, ardhi ingali imeganda na kuweza kubeba uzito, malori ya jimbo hupanda hadi kwenye chanzo na kumwaga mchanga wa chokaa ukingoni. Maji huulamba kidogo kidogo mpaka ukali unapoa. Mchango wangu mimi ni kuwapungia mkono madereva. Lakini napunga vizuri.

Daktari wa kifua ameniagiza niandike kila siku jinsi ninavyopumua, kwa sababu ya vumbi la makaa lililolala mapafuni. Leo nimepumua.

Jumanne, 4 Machi

Nimepumua. Malori bado.

Ijumaa, 7 Machi

Malori bado. Shemeji yangu Hoy Vandevender, ndugu wa marehemu mke wangu Imogene, amevuka barabara kuja kuniambia kwamba malori bado. Nikamwambia ana macho mazuri sana kwa umri wake.

Jumanne, 11 Machi

Leo amekuja Roxanna Teter, yule mwanamke wa jimbo anayepima maji. Mimi humwita Binti Chupa, maana tangu nimjue sijamwona bila chupa mkononi. Kwa miaka mingi, nikisikia mtu wa serikali anapanda bondeni, nilikuwa naficha kwanza bunduki, halafu gongo, halafu mimi mwenyewe. Huyu nilishindwa kujificha. Alinikuta chooni.

Alisimamisha gari, hakuzima injini.

"Mzee Delbert, bado uko hai?"

"Nasubiri malori yako, binti. Nikiyaona yamepita, nakufa kwa raha."

"Basi utaishi sana. Hayaji."

Nikadhani ananitania, kwa sababu sisi wawili ni watani. Lakini hakucheka. Akazima injini, akaja kukaa kwenye ngazi. Akanieleza kwamba sehemu kubwa ya fedha za mchanga hutoka Washington, zikapitia jimboni, ndipo zikawa malori. Mwaka huu huko Washington wamezisimamisha. Wanasema wanazipitia upya.

"Kupitia upya ndiyo nini?"

"Ni kumkatalia mtu bila kumtazama usoni."

"Na wewe je?"

"Mshahara wangu uko mfuko huohuo. Mwisho wa Juni."

Akasema vitoto vya samaki ndiyo kwanza wametoka kwenye mayai, wako katikati ya mawe, wadogo kama kucha. Mlima mzima bado una theluji. Ikiyeyuka yote kwa mkupuo, maji makali yatashuka, na hakuna mchanga wa kuyapoza. 

Nikatafuta neno la kumchangamsha. "Bado nakudai dau letu. Ulisema samaki akionekana upande wa juu wa daraja la reli, kuelekea chanzo, utaniokea mikate ya soseji kwa mikono yako." Hiyo ndiyo mikate tuliyokuwa tukishuka nayo mgodini, soseji kali imefungwa ndani, mafuta yake yananywewa na unga. Tangu Imogene afe, naila ya dukani, nayo ina ladha ya dukani.

"Samaki hawajawahi kupita daraja, Mzee Delbert. Kila mwaka wanasogea, wanafika pale pale."

"Ndiyo maana uliweka dau, mjanja wewe."

Hapo akacheka kidogo. Kisha akachukua chupa zake akashuka kijitoni, ingawa aliyemtuma kupima hana tena haja ya kujua.

Jumapili, 16 Machi

Jua. Theluji inadondoka paani. Zamani nilikuwa naipenda sauti hii.

Jumapili, 23 Machi

Mvua ya vuguvugu juu ya theluji. Nimeburuta mtungi wangu wa hewa hadi ukingoni. Mawe ya karibu na daraja yameanza kuvaa kutu tena. Hoy amesimama pembeni yangu bila kusema kitu, na Hoy asiposema kitu ni dalili mbaya kuliko kutu.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika haya yote leo kwa sababu nikilala nayo nitayapunguza.

Asubuhi Hoy amekuja mbio, yeye ambaye hata kanisani huchelewa.

"Shemeji! Chokaa ninayo!"

Hoy hajatupa kitu tangu azaliwe. Ghalani kwake ana viti visivyo na miguu na miguu isiyo na viti. Na kweli, nyuma ya mashine ya nyasi, kulikuwa na magunia ya chokaa ya chooni, yamebaki tangu siku ambazo kila nyumba ya bonde hili ilikuwa na choo cha shimo nyuma, na kila Jumamosi unamwaga kopo moja kuua harufu. Hakuna mtu wa rika letu hapa ambaye hakukua na gunia lile.

"Chokaa ni chokaa," akasema Hoy.

"Chokaa ni chokaa," nikasema mimi, na mimi ndiye niliyeongeza kwamba tukisubiri Washington samaki watakuwa na ndevu. Kwa hiyo mwenye wazo ni Hoy, lakini aliyelivisha viatu likatembea ni mimi.

Tukaenda na pikapu yake hadi darajani, maana juu zaidi njia imeshakuwa tope. Hoy akapasua gunia, akalimimina lote kwenye maji. Nikavua kofia kama mtu anayebatiza. Kijito kikawa maziwa. Kizuri, cheupe, tukapeana mikono.

Kisha samaki wa kwanza akageuka tumbo.

Halafu mwingine. Wakubwa wawili wenye madoa mekundu, wazuri mno, wale ambao mwanamke yule amewahesabia pumzi kwa miaka. Hoy akaingia majini na viatu vyake, akawashika kama mtu anayeokota watoto, akawa anawapungia maji kwenye mashavu. Mmoja akaamka. Mwingine hapana.

Roxanna alitufikia tukiwa bado pale. Jumamosi, siku yake ya mapumziko, na gari ni lake mwenyewe. Alitazama maji, akatazama gunia, akatutazama sisi. Nilitamani angetukana. Matusi nayajua, najua pa kuyaweka.

"Mmemwaga mangapi?"

"Moja," Hoy akasema. "Yako mengine kwenye gari."

"Msiyaguse. Mkiyagusa nitawamwagia nyinyi."

Akashuka, akapima pale, akapima chini, akapima chini zaidi, mpaka akaridhika kwamba maji yameisambaza chokaa. Alipopanda tena kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki topeni, na sisi wawili, jinsi tulivyokuwa jasiri, hatukuthubutu kumwambia.

"Hii imepikwa tanuruni," akasema. "Inaunguza. Mchanga wetu ni jiwe bichi lililosagwa, maji yanalilamba polepole. Mtu ana kiungulia, mnampa magadi ya kufulia anywe?"

"Tulitaka kusaidia, binti," nikasema.

"Najua. Ndiyo maana sijawaita askari."

Akaketi kwenye ukingo wa daraja, mguu mmoja soksi. Akafunika uso. Nimewaona wanaume wakitolewa chini ya mwamba ulioanguka, nikajua la kufanya. Hapa sikujua. Hoy akavua kiatu chake kilicholowa akampa. Ni kikubwa mara mbili. Akakivaa.

Jumanne, 1 Aprili

Siku ya Wajinga. Kila mwaka bonde zima hunitania. Leo hakuna aliyenitania. Inauma kuliko kutaniwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimekwenda ukumbi wa zimamoto kwa Wilma Cogar. Wilma ndiye mkuu wa kikosi chetu cha kujitolea. Ana sauti ya kuamsha wafu na aliwahi kujaribu. Nilimkuta anaosha vitunguu pori kwa ajili ya karamu yetu ya Aprili. Kila majira ya kuchipua, mara tu vinapochomoza chini ya miti, tunavichimba, tunavikaanga na viazi na nyama ya nguruwe, watu wanatoka kaunti tatu kuja kula, na mapato hununulia kikosi mipira ya maji ya kuzimia moto. Mtu akivila hunuka siku tatu. Shule zamani zilikuwa zinawarudisha watoto nyumbani.

"Nasikia umebatiza samaki," akasema Wilma.

"Wilma, jiwe bichi lililosagwa linauzwa?"

Akaacha kuosha. "Machimboni kwa Tolliver linauzwa kwa yeyote mwenye fedha. Kwa nini?"

"Mipira ya zamani ya kikosi inavuja sana?"

Akanitazama muda mrefu kama mtu anayekagua yai. "Wee Delbert. Nusu karne nakufahamu, leo ndiyo mara ya kwanza umeuliza kitu chenye maana." Akarudi kwenye vitunguu. "Inavuja. Itavuja mwaka mmoja zaidi."

Halafu akapigiwa simu Roxanna, nami nikasikiliza kwa karibu zaidi kuliko adabu inavyoruhusu. Roxanna alisema hakuna kitu kinachoingia kijitoni bila ruhusa. Wilma akauliza ruhusa hiyo nani hutoa. Kisha sauti ya yule mwanamke, nyembamba lakini imenyooka: "Mimi. Hadi mwisho wa Juni. Kalamu bado hawajaninyang'anya."

Jumamosi, 12 Aprili

Karamu. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakala wamesimama kando ya gari la moto. Maharage, mkate wa mahindi, viazi, na vitunguu pori vilivyonuka hadi bendera ikalegea.

Roxanna alisimama mlangoni. Miaka yote hii huja, hunywa chai ya baridi, huondoka bila kuonja, maana Jumatatu anakaa gari moja na wenzake wa ofisini.

"Asiyekula ataumia na harufu ya waliokula," nikamwambia. "Ni sheria ya asili, hata Washington haiwezi kuisimamisha."

"Mzee Delbert, wenzangu wa gari walishaondolewa kazini wiki iliyopita." Akachukua sahani. "Nitamnukia nani?"

Akala vibichi, vya mzizi na jani, mbele ya wote. Machozi yakamtoka. Wilma akapiga meza, ukumbi ukapiga makofi. Sikupiga makofi kwa sababu mkono mmoja ulikuwa umeshika mtungi na mwingine umeshika leso, vumbi lilikuwa limeniingia jichoni. Ndani ya ukumbi. Uliopigwa deki.

Jumapili, 13 Aprili

Kanisa zima lilinuka. Mchungaji alihubiri kwa kifupi. Mungu ni mwema.

Jumatano, 16 Aprili

Mkuu wa Roxanna ametia sahihi yake kwenye ruhusa, chini ya sahihi ya Roxanna. Roxanna anasema mkuu hakuuliza swali lolote. Watu kama hao siku hizi wanapaswa kuwekewa sanamu, hata iwe ndogo.

Jumamosi, 19 Aprili

Karamu imenunua mchanga wa malori mawili. Jimbo huleta saba. Nalisema hili mapema ili mtu asije akafikiri tulifanya muujiza.

Wamiliki wa malori ni vijana wanaosafirisha makaa, walikataa kulipwa. Lakini tumechelewa: Machi ardhi ilikuwa jiwe, leo ni uji. Lori la kwanza lilifika kwenye geti la msitu, likaanza kuzama, dereva akapiga breki na kusema maneno ambayo hayasemwi kesho yake ikiwa ni Pasaka. Trekta la Hoy likavuta shehena ya kwanza hadi kona, nalo likazama hadi kitovu.

Kutoka pale hadi kwenye chanzo ni mwinuko mkali. Watu wakatazamana. Mimi nikamtazama Wilma.

Wilma akaweka mikono mdomoni. "Kikosi! Mstari wa ndoo!"

Huo ndio uliokuwa uzimamoto wetu kabla ya kuwa na gari. Nyumba inaungua, mnajipanga kutoka kijitoni hadi mlangoni, ndoo inapita mkono kwa mkono. Hawajaufanya tangu nilipokuwa na nywele. Lakini mikono haikusahau. Wakajipanga mlimani, wanaume, wanawake, mchungaji, madereva, wanakwaya, na ndoo za mchanga zikaanza kupanda na ndoo tupu zikaanza kushuka. Safari hii tulikuwa tunauzima moto ulioko ndani ya maji.

Mimi nilikalishwa kwenye mkia wa pikapu na mtungi wangu. Kazi yangu ilikuwa kuwatukana wasilegee. Nilifanya vizuri. Nilimwambia mchungaji anabeba ndoo kama anayebeba mtoto wa watu. Nilimwambia Hoy kwamba Imogene alikuwa na nguvu kumshinda, jambo ambalo ni kweli.

Roxanna alikuwa juu kabisa, mwisho wa mstari, yeye ndiye anayemwaga. Kila ndoo ilipita mikononi mwake. Anachagua mahali, anamimina ukingoni, sio katikati, ili maji yaje yachukue yenyewe. Nilipandishwa jioni kwa trekta lililokuwa limenasuliwa, nikamwona. Uso mweupe wa vumbi, kama sisi tulivyokuwa tukitoka mgodini weusi. Sikumwambia hilo. Nilimwambia anafanana na keki.

"Inatosha?" nikamuuliza.

"Kuwavusha vitoto hawa hadi kiangazi, labda. Zaidi ya hapo hapana." Akafuta macho kwa kiwiko. "Msije mkaanza kusema ndoo zinatosha, Mzee Delbert. Huko mbali wakisikia hivyo watafurahi sana."

Ameongea kweli. Vijito vya jimbo hili ni vingi na akina Wilma si wengi. Ndoo haiwezi kuwa serikali.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Hakuna aliyeweza kuinua mkono wakati wa wimbo. Kristo amefufuka, sisi bado.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Mvua. Radi.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Theluji yote ya juu imeshuka kwa usiku mmoja. Kijito kinanguruma, kimebeba magogo. Sijapumua vizuri, daktari, na si kwa sababu ya mapafu.

Jumamosi, 26 Aprili

Roxanna amepima asubuhi. Nilikuwa nimekaa darajani kwenye kiti ambacho Hoy amekipata miguu. Alisoma kipimo, akakitikisa, akasoma tena. Akaniita kwa kidole, akanionyesha kati ya mawe mawili, mahali maji yanapotulia.

Nilidhani ni uchafu. Kisha uchafu ukageuka wote pamoja, ukaelekea juu, dhidi ya mkondo.

"Hao," akasema.

Wadogo kama kucha. Nilishawahi kuona mengi, lakini kitu kidogo kiasi kile kinachokataa kusombwa sijakiona.

Ijumaa, 9 Mei

Nimepumua. Nao pia.

Ijumaa, 20 Juni

Wilma ameleta habari kutoka mjini. Washington wamemaliza kupitia upya. Fedha za mchanga wa mwakani zimerudi. Fedha za mtu wa kupima hazikurudi. Nikamwuliza, sasa mchanga huo nani atajua pa kuumwaga? Akasema labda watamtuma Hoy na magunia yake. Tukacheka kidogo.

Ijumaa, 27 Juni

Siku yake ya mwisho. Alikuja na gari la jimbo kwa mara ya mwisho, akachukua chupa zake, akapima kama kawaida, kwa utaratibu uleule. Amepata kazi Ohio, kwa dada yake, kupima maji ya bomba. Alimrudishia Hoy kile kiatu, amekisafisha. Hoy akamwambia akae nacho. Hoy, ambaye hajawahi kumpa mtu hata kamba!

Mimi nilikuwa nimeandaa mzaha mzuri sana wa kumuaga. Umenitoroka. Nikasema, "Asante, Roxanna." Akanitazama kama mtu aliyesikia mbwa akisoma Zaburi.

"Miaka yote hii," akasema, "hujawahi kuniita jina langu."

Jumapili, 6 Julai

Leo Hoy amenipeleka darajani baada ya kanisa, na kwa kuwa nilikuwa na pumzi tukapita daraja, hatua chache juu, penye kivuli. Tukakaa. Hoy akanishika mkono, na hajawahi kunishika mkono hata kwenye mazishi ya dada yake.

Samaki. Mmoja. Mgongo wenye mawimbi, madoa mekundu, mapezi yenye ukingo mweupe. Amesimama kwenye mkondo juu ya daraja la reli, amenyooka, kama mwenye nyumba.

Nimemweleza Wilma, amesema nimeota. Nimemweleza mchungaji, ameniombea. Hilo ndilo tatizo la kudanganya maisha yote: siku ukiwa na ukweli, hakuna wa kumwachia. Nina Hoy kama shahidi, na Hoy ndiye aliyesema chokaa ni chokaa.

Roxanna, daftari hili nimemwambia Wilma alitume Ohio, daktari atapata habari za pumzi zangu njia nyingine. Dau ni dau. Nakudai mikate ya soseji. Soseji kali, na unga uunywe mafuta. Usiitume kwa posta, itafika imekauka. Ilete mwenyewe, uje na kipimo chako, umwone samaki kwa macho yako. Mimi nitakuwa nimekaa hapohapo juu ya daraja, naye pia.

Na kama una nafasi kwenye gari, lete na chupa zako, maana hakuna anayejua bado mchanga wa Machi umwagwe wapi.

Mikate minne inatosha. Miwili ya Hoy.

Haya, mmoja wa Hoy.